Dainosa Ambaye Hajatoka

Mwanangu Saumu,

Salamu sikuandikii, maana uko chumba cha pili na nakusikia ukicheka na mama yako juu ya hilo sanduku lisilotaka kufungika. Mimi nimekaa huku mbele, kwenye kiti changu cha kunyolea, na mlango wa duka nimeurudisha nusu ili wapitao wadhani nimefunga. Alasiri imeshaswaliwa. Mtu akiniona ataingia kutaka kunyolewa ndevu, na leo mkono wangu una kazi hii tu.

Mambo ya kula, ya kuvaa, ya kuswali kwa wakati, ya baridi ya bara na blanketi zito, mama yako ameyasema yote, na mengine ameyarudia mbele yangu. Siongezi. Babu yako, siku nilipotoka kijijini kwake Shika Adabu kwenda kisiwani Mombasa kujifunza unyozi, alikuwa akipalilia mihogo. Nikamwambia, "Baba, nakwenda." Akasema, "Haya." Akaendelea kupalilia. Neno lile nimelibeba umri wangu wote, na hata leo sijui lilikuwa na furaha au huzuni. Sitaki uondoke na "haya" yangu. Ndiyo maana nimechukua kalamu, na kila nikifikiri nianze wapi, kinachonijia ni dainosa.

Utacheka. Haya, cheka.

Huenda humkumbuki yule wa kwanza alivyoingia kwetu, maana ulikuwa ndiyo kwanza umeanza shule. Mama yako alikuwa akipikia watoto wa shule ya chekechea, na wewe ukitoka chuoni kusoma Kurani ulikuja kukaa hapa kwenye benchi, miguu haifiki chini, kimya kama mgeni. Mutua alikuwa mteja wangu wa kila Jumamosi. Mtu wa Machakos, akiendesha kreni bandarini, amepanga chumba nyuma ya soko. Siku hiyo alikuja na sanamu ya plastiki aliyomnunulia mpwa wake, mnyama wa kijani mwenye pembe tatu usoni. Akaiweka kwenye rafu chini ya kioo, baina ya kopo la poda na chupa ya spiriti, nikamnyoa, tukaongea, akaenda zake akaisahau.

Hukuigusa. Kila ulipokuja uliitazama tu. Jumamosi iliyofuata Mutua alipoingia ulisimama mbele yake, wewe ambaye wageni walidhani huna ulimi, ukasema, "Mjomba, huyu wako hajala tangu ulipomwacha."

Mutua akacheka mpaka akashika mlango. "Sasa mimi sijui anakula nini," akasema. "Wewe ndiye unajua. Kaa na yeye."

Akaenda kumnunulia mpwa wake mwingine. Kisha akarudi kununua wa tatu, na huyo wa tatu hakuwa wa mpwa. Mtu mzima anayeinua makontena ya watu, akashikwa na dainosa. Nilimcheka, na baada ya muda nikashikwa na mimi.

Walikuwa wakiletwa na Mzee Hatimu, yule mwenye duka la vyombo karibu na soko, aliyekuwa na ndugu yake Dubai akimtumia mizigo. Kila pakiti ilikuwa na kadi nyuma, na kadi ile ilikuwa na picha za wote waliokwisha kutolewa. Katika nafasi ya mwisho, mahali pa picha, paliwekwa kivuli cheusi na alama ya kuuliza. Huyo ndiye atakayekuja. Mzigo ukifika, yule wa kivulini amekuwa mnyama kamili, na kivuli kingine kimekaa mahali pake. Wallahi waliobuni jambo lile walijua mioyo ya watu. Walichouza hasa kilikuwa kile kivuli.

Majina yao ya kizungu hatukuyaweza, tukawapa yetu. Mapembe Matatu. Shingo Ndefu. Mgongo Vigae, yule mwenye mabamba yaliyosimama mgongoni. Meno, ambaye hakuhitaji kuelezwa. Watoto wa mtaa walikuja kuwatazama, wengine wakakaa hapo kwenye benchi Jumamosi nzima wakisikiliza watu wazima wakibishana nani atatolewa baadaye. Mutua alimtaka mwenye mbawa. Mimi nilimtaka wa majini, mwenye mapezi, nikisema mwambao wetu haukutendewa haki. Mzee Hatimu, akija kupunguzwa nywele, alisema yeye amtaka yeyote atakayeuzika.

Siku moja Mutua akakugeukia. "Na wewe, Saumu? Ungeambiwa uchague, ungetaka gani?"

Ukasema, "Namtaka aliyelala."

"Aliyelala?" Mutua akauliza. "Nani atanunua dainosa amelala?"

"Mimi."

Tukacheka. Duka zima. Mzee Hatimu alicheka hata nikalazimika kuinua mkasi nisimkate sikio. Na mimi nilicheka, Saumu, tena mimi niliongeza kwa kusema, "Huyo watakuuzia na mto wake." Ukainamisha kichwa ukaanza kuchezea ukingo wa benchi. Jumamosi iliyofuata ulipoulizwa unamtaka nani, ukasema, "Yeyote."

Nyumba yetu mwaka ule ilikuwa ya kunong'ona. Ndugu yako mdogo alizaliwa na hakukaa, na mama yako aliporudi kutoka hospitali alijilaza akaelekea ukutani. Kila ulipoinua sauti mtu alikwambia, "Shh, mama amelala." Bibi yako alisema hivyo, majirani walisema hivyo, na mimi nilisema kuliko wote. Ulikuwa ukitembea kwa ncha za vidole. Na wale wanyama wako wote, tazama, wametengenezwa midomo wazi, wakinguruma, hata yule anayekula majani. Kulikuwa hakuna hata mmoja anayeweza kuishi katika nyumba kama yetu.

Hilo sikulijua siku ile niliyocheka. Lilinijia baadaye, nikiwa katikati ya kumnyoa mtu, nikasimama na wembe mkononi hata akafungua macho kuniuliza kama kuna neno.

Nikakimbilia kurekebisha, na kurekebisha kwangu kukawa kubaya kuliko kucheka. Nilimchukua Shingo Ndefu, nikachemsha maji katika sufuria ya chai, nikamtia humo nikidhani plastiki ikilainika nitamkunja miguu, nimlaze, nikupe aliyelala wako. Miguu ilikunjika vizuri. Shingo ikanitoka mkononi, ikajipinda upande, ikagandia hapo. Akawa kama mtu aliyeamka na shingo imekaza, mdomo wazi bado, akiutazama mgongo wake mwenyewe.

Nilitamani nimzike. Lakini ulikuwa umeshasimama mlangoni mwa jikoni.

Hukulia. Ulimchukua, ukampuliza maji, ukaenda kwenye rafu ya dukani ukavuta pamba. Ukamfunga shingo. Ukaingia naye chumbani kwa mama yako, nami nikakufuata nikikuashiria utoke, usimsumbue. Ukamweka juu ya mto, karibu na uso wake.

"Mama," ukasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, si ya kunong'ona. "Huyu anaumwa. Baba amempika."

Mama yako akageuka. Akamtazama yule mnyama na bandeji yake. Akanitazama mimi, nimesimama na sufuria. Kicheko kilianza chini huko, kikamtikisa mabega, kikatoka kama kikohozi, na akacheka, Saumu, mpaka machozi, na machozi yakaendelea baada ya kicheko kwisha, nawe umepanda kitandani umemshika kichwa. Jioni ile aliinuka akakaanga samaki. Mpaka leo nikikosea jambo husema, "Usije ukampika na huyu."

Sikwambii haya ili useme babako alikuwa mjinga, ingawa waweza kusema. Unakwenda kusomea ualimu. Patakuja mtoto darasani kwako atakwambia anataka kitu ambacho hakuna mtu anayekitaka, na utasikia kicheko kikikupanda. Mimi kilinipanda kabla sijauliza kwa nini. Ningeuliza, labda ungenijibu.

Tukaendelea hivyo miaka. Ikaja sinema ile ya dainosa, kila mtoto Mombasa akawa mtaalamu, na Mzee Hatimu akauza mpaka kadi tupu. Mutua akamleta mkewe Ndinda kutoka kwao, wakapata Kioko, na Kioko alipoanza kutambaa alitambaa moja kwa moja mpaka kwenye rafu yangu. Wewe ulikuwa umekua, unasaidia mama yako, unafunga mtandio vizuri, lakini Jumamosi ulikuwa bado hapa ukibishana. Uliwashinda wote kwa hoja. Nilikuwa nikinyoa polepole makusudi ili nisikie.

Ndipo ami yako Hamisi aliponikalisha. Alisema kwa upole, sitamsingizia. Kwamba nyumba yenye masanamu haina baraka, kwamba watu wanasema, kwamba binti mkubwa kuwa na vinyago si jambo la kusifiwa. Nikaenda kumuuliza imamu wetu. Imamu akaniambia vitu vya watoto vya kuchezea havina neno. Nikafurahi. Kisha akanitazama juu ya miwani. "Na wewe, Omari, u mtoto?"

 Nikarudi, nikawatia wote katika sanduku la sabuni, na nikakwambia nimewaondoa. Ukasema, "Abee, baba."  Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi, hata kwa hasira, nimezipangia majibu yote, na ukanipa abee tupu. Mutua akaja akalibeba lile sanduku. "Mimi nyumbani kwangu hakuna shida," akasema. "Wakae kwangu. Mkiwataka, mnajua mlango." Na hivyo Jumamosi zikahamia kwake, chumbani nyuma ya soko, Ndinda akitupikia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kunde, na wewe ukimfundisha kupika mbaazi za nazi. Ami yako akadhani ameshinda. Sikumwambia kitu. Mambo mengine katika ukoo huishi vizuri zaidi yasiposemwa.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Ya mwaka juzi unayajua, ulikuwepo, lakini hatujawahi kukaa mimi na wewe tukayazungumza. Maneno yalianza kuzunguka mtaani hapa Likoni kwamba watu wa bara warudi kwao. Nilikuwa nikiyasikia hapa hapa kwenye kiti, kutoka kwa vichwa ninavyovinyoa, na nilikuwa nikinyamaza, nikijiambia ni maneno. Kisha ikaja ile asubuhi tuliyoamka na moshi juu ya soko.

Mutua alikuwa zamu bandarini, ng'ambo ya pili ya feri. Mlango wa nyuma ukagongwa. Nikaenda, mkono nikauweka kwenye komeo, na mkono ukasimama. Niliwaza nyumba hii. Niliwaza wewe na mama yako.

"Baba," ukasema nyuma yangu, "ni Mama Kioko."

"Najua ni nani."

"Basi fungua."

Nikafungua. Ndinda aliingia na kanga moja na mtoto mmoja, na mtoto mkononi ameshika Mgongo Vigae. Alikuwa amempakata usiku alipolala, na hawakuwa wamechukua kitu kingine chochote.

Walikaa chini ya kitanda cha bibi yako mpaka mchana. Mama yako akatoa buibui lake la Idi, akamvika Ndinda, akamfunika uso, mikono yake ikifanya kazi kama anamvika bibi arusi. Kioko tukampa kofia yangu, ikamfika masikioni. Nikasema mimi ndiye nitakayewapeleka feri. Ukasema hapana, mwanamume akiongozana na mwanamke aliyefunikwa atasimamishwa na kuulizwa, lakini wanawake wawili na mtoto hawaulizwi sana. Mama yako akanitazama. Nilitaka aseme hapana. Akasema, "Mwache atangulie. Wewe fuata nyuma."

Nikafuata nyuma, hatua chache tu, kama mtu asiyewajua, mkononi nimeshika kikapu kitupu. Nimekupeleka shule, nimekupeleka hospitali, nimekubeba begani kwenye maulidi. Sijapata kutembea njia ndefu kama ile.

Wale vijana walikuwa wamekaa pale njia inapoungana na barabara ya feri, na mapanga na marungu, wengine hawajaota ndevu za kunipa kazi. Mmoja akasimama. Jina lake nalijua, nawe walijua, silitaji. Alikuwa mmoja wa wale waliokaa kwenye benchi langu Jumamosi walipokuwa watoto.

"Saumu. Wapi?"

"Ng'ambo. Nampeleka mama mdogo hospitali."

"Mama mdogo yupi?"

"Wa Kwale. Jino limemvimba, hata kusema hawezi."

Akamtazama Ndinda toka juu mpaka chini, na chini akakaa sana. Kumbe tulimvika kila kitu tukasahau viatu. Alikuwa na zile raba za Mutua za zamani, zinajulikana mtaa mzima. Nilisimama nikajifanya nafunga kamba ya kiatu, nami nimevaa ndara.

Kijana akashusha macho kwa Kioko, kwa ule mkono wake.

"Huyo si yule wa vigae?"

"Ndiye."

"Na yule wa kivulini? Alishatoka?"

"Bado," ukasema. "Twamngoja."

"Mimi nilisema atakuwa na mbawa."

Ukasema, "Mutua pia alisema hivyo."

 Nyuma yake mwenzake akauliza, "Nini? Nani huyo?" Yule kijana hakugeuka. Alikuwa akikutazama wewe, na uso wake kwa muda ule ukawa wa mtoto aliyekuwa akikaa mwisho wa benchi akila embe mbichi za pilipili.

"Naam," akasema. "Alisema." Kisha akainua sauti ili wenzake wasikie. "Ni binti wa kinyozi huyu, na mama yake mdogo, mgonjwa. Waacheni." Na kwako, chini chini, "Piteni upesi. Msisimame tena."

Mkapita. Na mimi nikapita baadaye na kikapu changu, akaniamkia, "Shikamoo, mzee," nikamwitikia "Marahaba," kama siku nyingine yoyote. Mpaka leo akija namnyoa. Hatusemi. Siku moja nilipokuwa nikimpiga poda shingoni, nikaona macho yake kwenye kioo yako kwenye ile rafu tupu, na nikajua anawaza ninachowaza. Sijui nimsamehe kwa yale mengine aliyoyafanya, kama aliyafanya, au nimshukuru kwa lile. Nimefanya yote mawili kwa siku tofauti.

Nilikuuliza baada ya kuvuka feri, Mutua aliyekuwa akitungoja ng'ambo ameshamkumbatia mkewe na wote watatu wanalia, nikakuuliza, "Kwa nini ulimtaja?" Ukasema, "Nilitaka amkumbuke Mutua ni nani." Ulisema kama mtu anayeeleza bei ya nyanya. Siku zote nilikuwa nikidhani mimi ndiye ninayekulinda. Nikaenda kusimama ukingoni nikatazama maji, ili usinione.

Nilipokwenda chumbani kwao mambo yalipotulia, nilikuta kuta tu. Sanduku la sabuni halikuwepo. Nikarudi kukwambia hakuna kilichobaki, na neno lako la kwanza lilikuwa, "Hata sufuria za Mama Kioko?" Hukuuliza kuhusu dainosa hata mmoja. Lakini siku kadhaa baadaye nilikukuta jikoni umekaa kwenye mbuzi ya nazi, nazi haijakunwa, unalia, na ukasema, "Na yule mgonjwa pia." Shingo Ndefu na bandeji yake. Nikakaa chini sakafuni kando yako. Sikusema kuna wengine dukani. Sikusema wewe ni mkubwa sasa. Nilikaa tu mpaka ukamaliza, kisha nikazikuna nazi mimi. Katika mambo machache niliyoyapatia kama baba, nalihesabu lile.

Mutua hakurudi. Alihamia kwao Machakos, akafungua karakana ndogo ya kuchomelea vyuma. Alipopata simu alipiga dukani kwa Mzee Hatimu, nikaitwa mbio na povu la sabuni mikononi. Nilikuwa na habari mbaya moja ya kumpa. Ndugu yake Mzee Hatimu ameandika kwamba wale watengenezaji wameacha. Wamegeukia magari madogo. Yule wa kivulini hatatoka tena.

 Mutua akasema, "Basi sasa hakuna wa kutuambia tumekosea. Mwambie Saumu mimi naendelea na yule wa mbawa."

Nilipokwambia, ulifikiri kidogo. "Mwambie na mimi naendelea na aliyelala," ukasema. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema tangu ulipokuwa mtoto wa benchi, na ulinitazama usoni uone kama nitacheka. Nilicheka, Saumu, lakini nadhani uliona ni kicheko kingine.

Barua ya chuo ilipokuja na kuonyesha ni kule kule Machakos, ami yako alikuja juu. "Watu waliofukuzwa kwetu," akasema, "ndio unaokwenda kuwapa mtoto?" Nikamjibu kwamba ndio hao hao. Kwamba Ndinda ameshatandika kitanda, na likizo fupi utazila kwao. Aliondoka bila kuaga. Leo adhuhuri amekuja na sweta la kijivu kutoka mitumbani, zito la kumfaa mzee wa kiume, akaliacha mikononi mwangu akisema baridi ya kule haina adabu. Livae. Hata kama ni baya, livae ukapige picha umtumie.

Huko utakutana na mtu atakayekuuliza watoka wapi, na ukisema Likoni uso wake utafunga. Labda alipoteza duka hapa, au mtu. Utataka kumwambia habari za buibui na feri ili ajue wewe si wale. Usikimbilie. Mwache kwanza aseme yake mpaka mwisho. Mimi miezi ile nilinyamaza nilipotakiwa kusema, kwenye kiti hiki hiki, na nikasema sana nilipotakiwa kusikiza. Sijajua bado mtu hutofautishaje mapema. Wewe ulijua pale njiani, na hukufundishwa na mimi.

Kalamu inaanza kufifia, na mwanga wa mlangoni pia. Magharibi imekaribia. Nasikia sanduku limefungika hatimaye, nadhani mama yako amelikalia. Harufu ya kuku wa kupaka imefika mpaka huku dukani, na sasa sauti yako: "Baba, chakula!" Nimeitikia kwamba naja, nikaendelea kuandika, maana nikiinuka hapa usiku utakuwa umeanza, na ukianza utakwisha.

Umeniita tena. Safari hii hukusema chakula. Umesema "Baba" tu, ukangoja.

Naja, mama.

Babako